Migongo ya Waliopona

Nywele zangu zimeota tena. Si zote, na za upande wa kushoto zimekuja laini kama za mtoto mchanga, lakini zinasukika, na msusi wangu wa Ukunda ameacha kuninong'oneza habari za mafuta ya nazi. Naanzia kwenye nywele kwa makusudi. Watu wakisikia kwamba daktari aliugua kwa kuchoka, hudhani ni maneno tu, kwamba alitaka likizo akakosa njia ya kuiomba. Mimi niliugua mwilini, na mwili ulinionyesha kabla kichwa hakijakubali. Kama wewe unayesoma ni daktari au muuguzi, au umeoana na mmoja wao, huenda ukayatambua haya mapema kuliko nilivyoyatambua mimi.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba unaelekea mwisho. Vurugu za Likoni zilikuwa zimewafukuza watalii, na watu wengi wa bara walikuwa wamefungasha virago. Sisi Wataita tulibaki tukiangaliana. Watu wa bara hutuhesabu wa pwani, na watu wa pwani hutuhesabu wa bara, kwa hiyo hatukujua tukimbilie wapi. Mume wangu Mwakio alikuwa mtunza stoo katika hoteli moja ya Diani. Aliambiwa akae nyumbani mpaka wageni watakaporudi, na hakuna aliyejua watarudi lini.

Kisha ikaja mvua. Vuli ile ilianza kama vuli nyingine yoyote, ikakataa kukoma. Barabara zilikatika, mashamba yakageuka madimbwi, na baada ya madimbwi wakaja mbu. Hospitali yetu ilikuwa upande wa Msambweni, ndogo, yenye mabati yaliyopiga kelele mvua iliponyesha kiasi kwamba ilibidi mtu apaaze sauti kumwambia mama jina la dawa. Mimi nilikuwa daktari wa wodi ya watoto. Kwanza walilala wawili kitanda kimoja, halafu watatu, halafu tukatandika mikeka chini. Walifika wameishiwa damu, viganja vyeupe, na wengine walituponyoka tukiwa bado tunatafuta mshipa. Sitawaeleza mmoja mmoja. Nitasema tu kwamba walikuwa wengi, na kila Alhamisi asubuhi tulikaa kikaoni kuwaeleza.

Hicho kikao ndicho ninachotaka mkijue. Tulikiita kikao cha vifo. Madaktari na wauguzi hukusanyika chumba cha chai, kuna birika na sahani ya mahamri, na kila mwenye mgonjwa aliyefariki wiki ile husimama. Unasema umri, jinsia, alifika na nini, alipewa nini, kilikosekana nini. Wenzako wanauliza maswali, unajibu, unaketi. Daktari mkuu wetu, mtu wa haki na mpole, husema, "Haya, anayefuata." Ni kazi muhimu na sina ugomvi nayo. Lakini kulikuwa na adabu moja pale ambayo hakuna aliyeiandika popote: husemi ulivyojisikia. Ukianza kusema, watu huangalia vikombe vyao.

Masikio ndiyo yaliyotangulia. Nilimwekea mtoto stethoskopu kifuani nikasikia mvumo tu, kama friji iliyo chumba cha pili. Nikadhani stethoskopu imeharibika. Nikaazima ya Daktari Odhiambo, mwenzangu wa wodi ya wanaume, nayo ikavuma. Mikono ikawa baridi, baridi ya kweli, mpaka kina mama wakawa wanashtuka nikiwashika watoto. Sketi zikaanza kunishuka, nikazibana kwa pini. Hedhi ikakatika, na Mwakio, maskini, akafurahi kwa wiki nzima akidhani binti yetu Mghoi atapata ndugu. Halafu nywele zikaanza kubaki kwenye kitana.

Nilijitibu. Daktari asipojitibu atamtibu nani? Nilimeza dawa za malaria, kisha za minyoo, kisha za taifodi, maana mtu wa pwani akiugua asijue anaumwa nini huwa anaumwa taifodi. Sista Mwanajuma, muuguzi msimamizi wa wodi yetu, mwanamke wa Kidigo mwenye mwili na sauti ya kutosha wodi mbili, aliniletea kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwa zafarani, kwenye chupa ya soda. Mimi ni Mkristo wa kanisa na mwimbaji wa kwaya, lakini nililinywa. Lilikuwa na harufu nzuri ya marashi na nililala vizuri mchana ule, na sijuti.

Siku yenyewe ya kuanguka sikuanguka. Ningependa kusema nilizimia, watu huelewa mtu akizimia. Ilikuwa Januari, jua limetoka na joto la kaskazi limeanza kuyakausha yale matope, na mimi nilifika mlango wa wodi ya watoto asubuhi kama kawaida, nikashika fremu ya mlango, na miguu haikuendelea. Haikuuma. Ilikataa tu. Kina mama waliokuwa wanapita na beseni waliniambia "samahani Daktari" wakanipitia ubavuni. Mwishowe Sista Mwanajuma akaja.

"Daktari, waingia au watoka?"

"Sijui, Sista."

Aliniangalia usoni, akanishika mkono wangu ule wa baridi, akanipeleka stoo. Akanikalisha juu ya katoni za dripu, akafunga mlango, akasimama nje kuulinda. Nikakaa humo gizani nikilia bila sauti, huku nikimsikia akimwambia kila aliyekuja kutafuta pamba arudi baadaye.

Daktari mkuu alinipa mapumziko, halafu akanipangia kliniki ya watu wazima, nusu siku. Odhiambo akaichukua wodi yangu juu ya yake. "Mpaka masika," daktari mkuu aliniambia. "Masika yakianza, watoto watajaa tena. Ukiweza kurudi, rudi. Usipoweza, itabidi niombe daktari mwingine wa watoto, na wewe tutaona." Alisema kwa huruma, na mimi niliogopa kuliko kama angenifokea. Nilisomea udaktari kwa ajili ya watoto. Sikuwahi kutaka wodi nyingine, na sikujua mimi ni nani nikiondolewa hiyo.

Nyumbani nako hakukukalika. Mwakio hakuwa na kazi, mimi sikuwa na nguvu, na nyumba ya vyumba viwili haikutosha watu wawili wanaoshinda ndani wakikwepana. Yeye alipika, akafua, akamsuka Mghoi nywele kwa mistari iliyopinda, na mimi badala ya kumshukuru nilimkosoa namna anavyokata kitunguu. Mghoi akajifunza kutembea kwa ncha za vidole. Siku moja Mwakio aliweka mwiko chini.

"Mama Mghoi, twende kwetu Wundanyi. Kazi hii imekumaliza. Iache."

"Niiache nikafanye nini? Nilime kabeji?"

"Ulime, ndiyo. Kabeji huzioti usingizini ukapiga mayowe."

Nilimjibu maneno ambayo siyarudii hapa. Yeye aliuchukua mwiko akaendelea kukoroga.

Niliandikiwa vidonge vya kumeza jioni na nikatakiwa kwenda kliniki moja mjini Mombasa kila Jumanne. Vidonge vilinikausha kinywa mpaka ulimi ukanata, na vikanipa usingizi mzito wa mtu aliyepigwa. Kliniki ilinipa benchi. Ewe daktari mwenzangu, kama hujawahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa bila koti lako jeupe, huijui hospitali. Hujui kwamba saa ya ukutani imesimama. Hujui kwamba kila mlango ukifunguliwa watu wote huinua shingo, na kwamba mhudumu anayepita akitafuna karanga huchukiwa na benchi zima. Mimi nilikaa nimejifunika mtandio mpaka machoni, nikiomba nisikutane na mtu wa kwetu. Mara ya kwanza tu nikakutana naye. Ni mwanamke wa Ukunda niliyewahi kumtibia mjukuu.

"Ah, Daktari! Umekuja kuzungumza na wagonjwa?"

"Nimekuja kukaa tu, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akaniangalia kidogo, akavuta mkoba wake, akasogea. "Basi kaa vizuri. Hapa ndipo pana upepo."

Hakuniuliza kitu kingine, na sikusikia habari zangu Ukunda. Katika mambo madogo niliyofanyiwa mwaka ule, hilo la kusogezewa nafasi penye upepo nalihesabu kubwa.

Niliyekwenda kumwona aliitwa Bi Mishi. Alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili, amestaafu, akarudi kusaidia siku mbili kwa wiki kwa sababu, kwa maneno yake, nyumbani wakwe walikuwa wanamchosha kuliko wagonjwa. Alivaa buibui na miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuwa na haraka hata chembe.

"Haya, mwanangu, niambie."

Nikamwambia. Nilimwambia jinsi nilivyozoea: mwanamke wa miaka thelathini na mitano, dalili zilianza miezi mitatu iliyopita, kupoteza uzito, kukosa hedhi, mvumo masikioni. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umemweleza vizuri sana," akasema. "Sasa huyo mwanamke yuko wapi? Nataka nimwone."

Nilirudi mara ya pili, nikamweleza tena vilevile, na vipimo nikaongeza. Mara ya tatu hakunipa nafasi ya kuanza.

"Nyumbani kwenu mna kamera?"

Tulikuwa nayo. Mgeni mmoja Mjerumani alimwachia Mwakio alipokuwa anaondoka, kamera nyeusi nzito yenye mkanda wa ngozi, nasi tuliitumia Krismasi tu.

"Basi nenda ukapige mkanda mmoja uniletee picha. Usipige mgonjwa, maana mgonjwa hawezi kukukatalia wewe. Wala usiniandikie maelezo. Nipigie yale usiyoweza kuniambia."

Nilitoka pale nimefura. Nilifika hadi kwenye feri nikiwa bado nabishana naye kichwani. Nimeteseka chuoni miaka yote ile, halafu napewa kazi ya mtoto wa shule ya msingi! Mwakio nilipomweleza hakucheka. Alikwenda kuitoa kamera kabatini, akaipuliza vumbi, akanionyesha namna ya kufungua lenzi kukiwa na giza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kukaa bega kwa bega bila kugombana, na nilikubali kazi ile kwa ajili hiyo tu.

Picha za mkanda wa kwanza zilikuwa nzuri sana. Nilibaki hospitali baada ya kliniki yangu kwisha, nikapiga kitanda kitupu cha barazani, chuma cha kutundikia dripu, mtungi wa oksijeni, sinki la kunawia. Kila kitu nilikiweka katikati, wima, mwanga wa kutosha. Pale kwenye sinki niliweka na rula pembeni, kama tufanyavyo tukipiga picha ya kidonda ili ukubwa wake ujulikane. Nilijivunia ile rula.

Bi Mishi alizitandaza mezani. Akazipitia moja moja, akavua miwani.

"Hizi picha za polisi," akasema. "Nani ameuawa hapa?"

Nikafungua mdomo kumwambia hakuna. Nilikuwa natazama lile sinki. Nilikuwa nimenawa hapo kila baada ya mtoto, kisha nikajifuta, kisha nikaenda kwa anayefuata. Nililia mbele ya picha ya sinki na rula yake mpaka kamasi zikanitoka. Bi Mishi alinipa pembe ya leso yake, ile aliyojitanda, bila kuivua, ikabidi nimsogelee ili niifikie. Tulikaa hivyo, vichwa karibu kugusana. Nilipotulia akasema, "Haya. Mkanda wa pili."

Nilimwuliza nipige nini. Akasema yeye si mpiga picha.

Mkanda wa pili ulikaa kwenye kamera muda mrefu bila kuguswa. Februari ilikuwa kali, vidonge viliongezwa, na nilijaribu kuingia wodi ya watoto mara moja nikafika kitanda cha kwanza nikageuka. Nililia stoo tena. Nayasema haya kwa sababu nimeona watu wakisimulia ugonjwa kama ngazi, kila siku wanapanda. Wangu haukuwa hivyo, na kama wako hauko hivyo usidhani umekosea.

Mwakio ndiye aliyeanza kunifuata kazini. Alikuja adhuhuri na baiskeli, tukakaa kwenye jiwe lililo karibu na lango la hospitali, tukala mihogo aliyokuja nayo. Hakuna kingine tulichofanya. Na kwa sababu hatukufanya kitu, nikaona jambo ambalo miaka yote ile sikuwahi kuliona: watu wakienda nyumbani. Mama anatoka mlangoni, mtoto mgongoni amefungwa kwa leso, kichwa cha mtoto kinacheza huku na huku akitazama kila kitu, mfuko wa vyombo mkononi, na wanashika njia. Hawageuki. Kwa nini wageuke? Wamepona, wana mambo yao. Mtoto akipewa ruhusa mimi huwa nimeshafika kitanda kingine. Nilikuwa nawaona wanaofika na nawaona wanaofariki. Hawa wa tatu sikuwahi kuwatazama.

Nikaanza kuwapiga picha migongo yao. Nilijitetea moyoni kwamba hawa si wagonjwa tena, na uso hauonekani. Siku ya tatu au ya nne mama mmoja akasikia mlio wa kamera akageuka. Alikuwa mtu wa Kinango, mwembamba, mwenye sauti kali.

"Wewe! Wanipiga mgongo kwani mimi mwizi?"

Nilisimama nikaomba radhi, nikajitambulisha. Akanipima juu hadi chini.

"Daktari mzima wajificha nyuma ya jiwe! Kama wataka picha, piga picha ya mtu. Ngoja."

Akamfungua mtoto mgongoni, akampaka mafuta uso na magoti mpaka akang'aa, akamvisha gauni la njano alilolitoa mfukoni, akamsimamisha penye kivuli. Kisha akaitoa thermosi yake, akaiweka miguuni pa mtoto, na kumsogeza Mwakio pembeni kwa kuwa alikuwa anaharibu. Alitaka picha kama za studio, mtu na mali yake. Mtoto alikataa kusimama. Alikuwa amelala siku nyingi na sasa alitaka kukimbia, akawa anakimbia, anaanguka kwa makalio, anacheka, anaamka. Mama anafoka, Mwakio anamkimbiza, na mimi nimepiga magoti kwenye mchanga nikizungusha lenzi na kujicheka mwenyewe. Nilijishangaa nikisikia sauti yangu.

Tangu siku hiyo sikumpiga mtu bila kumwomba. Wengi walikubali. Baadhi walitaka ya mbele na ya nyuma.

"Hawa ni nani?" Bi Mishi aliuliza nilipompelekea.

"Waliopona."

"Wangapi?"

"Sijui, Bi. Hatuwahesabu. Tunahesabu wale wengine."

Aliiinua picha moja karibu na dirisha akaitazama muda mrefu. Hakusema neno la busara, kama mnavyotarajia. Alisema leso ile ni nzuri na angependa kujua imenunuliwa wapi.

Sista Mwanajuma aliposikia kuna picha, alitaka kuziona, na akishazishika yeye hurudishiwi kitu. Alizibandika ukutani chumba cha chai, juu ya birika. Alhamisi iliyofuata kikao cha vifo kilikaa chini ya ile migongo. Odhiambo alinitania sana. "Sasa Daktari umefungua studio? Tupige basi za pasipoti, bei ya wenyeji." Alikuwa mtu wa mzaha siku zote, na tangu aichukue wodi yangu mzaha ulikuwa umezidi, asubuhi hadi jioni. Mimi niliona ni dalili ya mtu aliye salama. Daktari mkuu alizitazama picha, kisha akasema kama kuna mtu mwingine anataka kuleta, alete, tutaangalia mwisho wa kikao. Sharti moja, na hili nililiomba mimi: usiieleze zaidi ya sentensi moja.

Kamera ikaanza kuzunguka kwa zamu. Na mara ya kwanza, unajua tulifanya nini? Tuliwasilisha picha kama wagonjwa. Mwenzetu wa meno alisimama na picha ya mlango: "Mlango wa kijani, umri haujulikani, bawaba imelegea tangu mvua, haujapata tiba." Mwingine akauliza kama umefanyiwa vipimo. Tukacheka mpaka chai ikamwagika, na sikumbuki kama chumba kile kiliwahi kusikia kicheko. Hatukujua namna nyingine ya kusema.

Halafu akasimama Sista Mwanajuma. Picha yake ilikuwa ya ndara zake za kazini, nje ya mlango wa nyumba yake, zimekaa mchangani peke yake wakati viatu vya wengine viko ndani.

"Hizi haziingii ndani tangu mvua ilipoanza," akasema, akaketi.

Watu wakaangalia vikombe. Daktari mkuu naye aliangalia chake, kisha akainua macho akasema, "Asante, Sista." Hakusema "anayefuata." Tukamaliza chai, tukaenda kazini.

Sidai kwamba kamera iliniponya. Vidonge vilisaidia, usingizi ulisaidia, mihogo ya Mwakio ilisaidia. Hedhi ilirudi mwezi wa Machi, na nikamkumbatia Mwakio jikoni nikamwambia kitunguu akikate apendavyo. Lakini mvumo masikioni ulikuwepo, na wodi ya watoto sikuwa nimeingia. Masika yakaanza. Daktari mkuu aliniita akaniambia mwisho wa mwezi ataandika kuomba daktari mwingine. Nilimwambia naelewa. Nilikwenda nyumbani nikamwambia Mwakio tujiandae kwa kabeji, na safari hii mzaha ulikuwa wangu, yeye akakataa kucheka.

Alhamisi moja, mvua inanyesha, tulikuwa kikaoni. Ilikuwa zamu ya Odhiambo kuonyesha picha. Bahasha ilikuwa imefika jana yake kutoka Mombasa zilikosafishwa, lakini mwenyewe hakuwepo. Tulimngoja, kisha Sista Mwanajuma akaifungua ili tusichelewe.

Mkanda mzima ulikuwa kitu kimoja. Ni hospitali yetu, ikionekana kupitia kioo cha mbele cha gari lake, ile Datsun yake nyeupe. Usukani chini, jengo mbele. Moja kioo kina vumbi, moja kina jua, nyingine zina matone ya mvua. Asubuhi baada ya asubuhi, kutoka kiti kilekile. Hazikuhitaji sentensi. Sista Mwanajuma alizishusha mezani polepole.

"Yuko wapi?" daktari mkuu akauliza.

Tukatazama dirishani. Datsun ilikuwa chini ya mkorosho, na ndani yake kulikuwa na mtu.

"Mwiteni," mmoja akasema. "Wodi ya watoto haijapitiwa, na wa pale dirishani amezidiwa."

Nilijua watakavyomtoa. Watamgongea kioo, atatoka akifanya mzaha, ataingia wodini, na miguu yake itafanya siku hiyo au nyingine kile ambacho yangu ilifanya. Nikasimama. Sikuwa nawaza habari zangu, nakwambia kweli. Nilikuwa nawaza kwamba wodi ile ikishapitiwa, hakutakuwa na sababu ya mtu kumgongea. "Mwacheni," nikasema. "Sista, twende."

Nilianza na wa dirishani. Alikuwa msichana mdogo, viganja vyeupe, anahema haraka. Nilimshika, akalia. Nikaagiza damu, tukapata mshipa, nikaenda kwa anayefuata. Mama mmoja akaniambia nikipashe moto kwanza hicho chombo cha kusikilizia, mtoto anashtuka, nikakipashia kwenye kiganja changu. Nilipita vitanda, nikapita mikeka. Mabati yalikuwa yanapiga kelele na ikawa lazima nifumbe macho ili nisikie vizuri. Nilipofika wa mwisho, kifua chake kilikuwa safi, na ndipo Sista Mwanajuma aliponigusa bega akasema, "Daktari, tumemaliza." Nikageuka nikaitazama wodi. Sikujua nilianza kusikia kwenye kitanda kipi.

Nilitoka nje mvua ikinyesha, nikaenda kwenye mkorosho. Odhiambo aliteremsha kioo kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Naja, Daktari. Aki naja. Nipe dakika moja tu."

"Usije. Wodi nimeshaipita."

"Wodi gani?"

"Yako."

Akaniangalia. "Ya watoto? Wewe?"

"Mimi."

"Na yule wa dirishani?"

"Anaongezewa damu. Moyo wake unakwenda mbio lakini nimeusikia."

Aliweka paji la uso kwenye usukani, akaanza kulia. Nilisimama pale nje, mvua inaniloanisha, nikamwacha alie mpaka achoke. Baadaye akanyoosha mkono akafungua mlango wa pili, nikazunguka nikaingia. Tukakaa tukiitazama hospitali kupitia kioo, wote wawili.

"Jumanne ni zamu yangu kwa Bi Mishi," nikamwambia. "Nafasi yangu uichukue wewe."

"Na wewe je?"

"Mimi nina wodi."